Mstari Mmoja

Setilaiti ya kwanza iliungua mwezi wa Machi,
saa kumi alfajiri, hakuna aliyeiona.
Mimi nikabaki na programu yake
kama nguo za marehemu: nani azivae?

Leo, Naliendele, juu ya paa la ghala la salfa,
antena inageuza shingo kumtafuta mdogo wake.
Mkubwa wetu alitaka tuandike kila kitu upya.
Nantende akacheka:
"Kwani mtoto akizaliwa tunamtungia lugha?"
Akabadili masafa, namba, jina.
Mengine yakabaki, hata ile onyo ya mwaka wa kwanza,
*usiguse hapa, muulize Chilumba,*
na Chilumba alishahamia Dodoma.

Dakika tisa tu. Inachomoza upande wa Ruvuma,
mkoromo, kimya, mkoromo,
kisha picha, ukanda kwa ukanda:
mikorosho ya Kitangari, na doa la kijivu
ubwiriunga ulipoanza kula maua.
Nantende keshashika simu, anamtafuta bwana shamba.

Ndipo kioo kikaandika:
*Habari za asubuhi, Chipukizi.*
Jina la ile iliyoungua.
Mstari mmoja tuliusahau.

Tulitazamana.
Hakuna aliyeufuta.