Droo ya Vifungo

Kijana wa ofisi ya Sanad hapa Ibra
haniangalii mimi, anaangalia skrini.
"Fani?" Fundi cherehani.
"Idadi?" Mmoja.
Jinsia, dini, nchi: namjibu
kama ninayeagiza jora la kitambaa,
upana, rangi, yadi ngapi.
Haulizi kama anakoroma,
kama ana mama,
kama anajua kushona kishada cha shingoni
kisilegee mbele ya wageni.
Chini kabisa, jina langu mimi: kafili.

Wa kwanza, Mofizul wa Komila,
nilimlipia viza, tiketi, kipimo cha kifua,
na miezi miwili ya mikono iliyozidi wenyewe:
kanzu kumi na moja, nazikumbuka,
mbili za kaka yangu.
Mwaka wa nne akawa anakata kwa jicho.
Mteja hajavuka mlango, bega lake limeshajulikana.

Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwangu,
droo ya vifungo, chini ya vile vya lulu.
"Isipotee," nilimwambia. "Sawa, mama," akasema.
Hakuna aliyeniomba niitunze.

Rajabu mkataba ukaisha.
Alisimama, futi shingoni, akasema
kuna duka Sohar, riyali ishirini zaidi.
Nikasema Sohar kuna unyevu, kitambaa huvunda.
Nikasema nani alikufundisha kola?
Nikasema mengi. Yeye anazungusha subana
kidoleni, anazungusha.

Mjukuu wangu Thurayya, anayekiokota Kiswahili changu
kama shanga zilizomwagika,
alikuwa sakafuni akipanga vifungo kwa rangi.
"Bibi, kifungo si jela?"
Nikamwambia kuna cha nguo na kuna cha mtu.
"Na hivi?"

Nilikuwa na miaka tisa tulipoingia Maskati
na Kiswahili kitupu na birika moja,
kwa karatasi ya Ami Zahran
aliyeandika mbele ya serikali: *nawajua*,
naye hajatuona hata pichani.
Mungu amlipe. Neno lile lilitufungulia mlango.
Lakini kila Idi, kahawa ikimiminwa:
"Nisingetia sahihi mimi..."
na mama hushusha birika polepole,
kama limejaa, kumbe limekwisha.
Miaka ishirini na sita ya Idi.
Nilidhani Ami Zahran tumemzika.
Kumbe sauti yake nimeirithi,
na mali yake hakunipa hata baiza.

Ufunguo wa droo hukwama.
Mpaka uipige nyonga.
Pichani Mofizul ana shingo nyembamba
ndani ya kola ya kuazima,
macho ya mtu aliyeambiwa asitabasamu.
Nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili,
akaangalia tarehe. Hakuniangalia.

Sijawa malaika. Nauli ya kumleta
nilitaka kumkata yote,
nikapiga hesabu nyuma ya risiti,
nikamkata nusu.
Hiyo nusu bado inaniwasha.

Kanzu ya mwisho aliishona mpaka magharibi,
ya bwana harusi wa Mudhaibi, mtu mnene, mwenye haraka.
Akafagia nyuzi. Akaichoma sindano
kwenye kijimto chake, akakiacha,
na kijimto kile alikishona mwenyewe
kwa vipande vya kanzu alizoziharibu.

Sasa kijana wa Sanad anageuza skrini.
Picha. Shingo nyingine nyembamba.
"Unamjua?"
"Simjui," nasema. "Andika hivyo hivyo:
simjui, namdhamini,
na pasi yake atakaa nayo mwenyewe."
Anacheka kidogo, si kwa ubaya.
"Fomu haina nafasi ya maneno yote hayo."

Wino siku hizi hakuna.
Ni kioo tu, cha baridi,
kinangoja kidole.