Meno ya Papa

Basi namba sabini na mbili lilifutwa mwezi wa Machi.
Karatasi moja kituoni, gundi kidogo,
na kampuni ikatutakia safari njema.
Kutoka kwangu hadi jikoni mwa shule ninakopika
ni kilomita kumi na nne za upepo mtupu.
Ndipo mimi, Geesje, miaka hamsini na saba,
nikanunua skuta ya kijani kwa mjane mmoja wa Uithuizen,
nikaketi darasani na vijana wa miaka kumi na sita
wanaotafuna jojo na kunionea huruma.

Mwalimu Jelmer hajafika thelathini.
Akachora pembetatu iliyosimama kwa ncha,
kingo nyekundu, tumbo jeupe.
"Inasemaje?"
Inasema pisha.
Hiyo naijua tangu sijajua kusoma.
Niliwapisha kaka zangu mezani,
nikampisha Harm kiti cha dirishani miaka thelathini na mmoja,
nikampisha hata paka wake.

Iliyonishinda ni almasi ya manjano,
kiini cha yai kilichokaangwa katika kikaango cha pembe nne.
Maana yake: barabara ni yako, wa pembeni wakusubiri.
Swali la tano nikajibu: nasimama.
Kosa.
Swali la tisa, picha nyingine, almasi ileile: nasimama.
Kosa.
"Ukisimama hapo, mama," akasema Sietze mwenye chunusi,
"wa nyuma yako hatajua kuwa ni adabu."
Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kisha meno ya papa,
safu nyeupe iliyopakwa juu ya lami.
Bahari yetu huku ni matope, papa twamwona kwenye vitabu,
lakini barabarani kila kijiji kina wake.
Yakikuelekea wewe, ngoja.
Yakikupa mgongo, pita: wa kung'atwa ni mwingine.

Na pasipo alama, wala rangi, wala taa?
Anayetoka kuliani ndiye wa kwanza,
hata akiwa na baiskeli yenye kikapu cha vitunguu.

Oktoba tukatoka. Jelmer nyuma na gari lake,
sauti yake sikioni mwangu kama nzi ndani ya kofia.
Njia panda isiyo na alama,
kuliani trekta, limebeba viazisukari hadi pomoni.
Nikasimama. Haki yake.
Naye akasimama. Akanipungia: pita.
Nikampungia: pita wewe.
Akavua kofia. Nikainamisha kichwa.
Tungekuwa pale hadi leo, wawili wenye malezi mema,
ila kiazi kimoja kiliteleza kutoka juu ya tela,
kikadunda, kikabingirika katikati yetu,
kikapita bila kumwangalia mtu.
"Geesje," sikio likasema,
"haki ya kutangulia hainyang'anywi, lakini hutolewa.
Ameitoa. Ipokee."
Trekta likachoka kungoja, likaenda zake.

Wahenga husema kutangulia si kufika.
Sawa. Lakini kungoja nako si kufika.

Baada ya daraja, almasi.
Kuliani barabara ndogo, meno yameielekea,
na gari jeupe, refu, linakuja kasi.
Vidole viwili vikalala juu ya breki.
Nikamtazama dereva machoni, kama tulivyofundishwa,
maana alama haina mikono ya kumzuia mtu.
Akaniona. Pua ya gari ikainama.
Nikaondoa vidole.

Nikapita.
Chuma cha kilo elfu mbili, na mtu mwenye tai ndani yake,
vilinisubiri mimi na skuta yangu ya kijani
kwa muda wa pumzi tatu. Nilizihesabu.

Nikapiga kelele ndani ya kofia. Jelmer akasema, "Nasikia."

Mbele kidogo almasi nyingine,
hii imechanjwa kwa mistari myeusi:
mwisho wa kutangulia.
Kumbe nayo ina kikomo.
Nikapunguza gesi, nikaangalia kulia.