Jumapili Sitini

Ya kwanza ilikuwa ya buluu, laki mbili na nusu,
kule supamaketi wanakouza pia samaki wa barafu.
Shokomzoba mbele, shokomzoba nyuma,
miali ya moto imechorwa ubavuni.
Nuwan akakibonyeza kiti, kikalia nyiii.
"Hii," akasema, "ina kila kitu isipokuwa baiskeli."
Kwao Sri Lanka alikuwa fundi pikipiki;
akiguna, mimi husikiliza.

Ya pili sikuigusa.
Kaboni, nyeusi. Bwana Pyo aliinyanyua kwa vidole viwili,
akatabasamu kama aliyepakatishwa kichanga.
Milioni nne. Mishahara yangu miwili,
mifuniko ya ndoo isiyo na idadi
nikiichomoa kwenye mashine ingali moto.
Nikayaona mabati ya paa la mama yakipita,
moja baada ya jingine, yakinitazama.

Basi tukabaki katikati,
wanakoishi watu wa mwisho wa mwezi.

Katikati nako kuna vichochoro.
Bwana Pyo akatoa tatu, akaziegemeza ukutani,
mkewe akimenya kiazi kitamu nyuma ya kaunta,
Wonju nzima ikinukia kiazi.
Hii breki zake za mafuta, gia za kizamani.
Hii gia nzuri, breki za waya;
mvua ikikukuta mteremkoni, alisema,
utasali kwa lugha yenu.
Ya tatu ina vyote viwili, fremu ya aluminiamu,
shokomzoba ya mbele tu,
na rangi ya haradali iliyosahauliwa juani.
Laki tisa. Tangu mwaka jana imekosa mchumba kwa sababu ya rangi.

Kikorea changu ni cha kiwandani:
simama, haraka, hatari, zima, bado.
Nikauliza kwa hayohayo:
"Mlimani, haraka, hatari?"
Akacheka, akaminya breki.
"Simama," akasema.
Tukaelewana.

Usiku nikampigia mama, Dolakha.
"Baiskeli ya mlimani?"
Kimya. Mbuzi mmoja akasikika.
"Umeikimbia milima ya hapa
ukaenda kuinunulia magurudumu milima ya watu?"
Nikacheka, maana sikuwa na jibu la kwenye simu.
Tangu nina miaka saba
sijapanda mlima mtupu:
kuni, maji, majani ya ng'ombe,
mdogo wangu na homa yake,
ukanda kwenye paji la uso,
macho kwenye visigino vya aliye mbele.
Kilima cha nyuma ya kiwanda nimekitazama miaka mitatu
kupitia dirisha la bafu.
Nataka kukipanda
bila kumpelekea mtu kitu.

Mkataba umebakiza miezi kumi na minne.
Nikahesabu Jumapili kwenye kalenda ya benki: sitini.
Laki tisa kwa sitini ni elfu kumi na tano,
bakuli la supu ya mifupa na nauli ya kurudi.
Rahisi huvunja upishi, ghali huvunja nyumba;
hii itavunja supu. Na ivunje.

"Ukiondoka je?" Sreymom akauliza gizani, kitanda cha juu.
"Utabaki nayo."
"Mimi mfupi."
"Kiti kinashuka."
Akanyamaza kwa muda mrefu, nikadhani amelala.
"Lakini rangi ile," akasema.

Jumamosi nikalipa, noti kwa noti.
Mke wa Bwana Pyo akanipima mguu kwa futi ya mshonaji.
Fremu ndogo, akaamua; watu wengi hudanganya kimo chao.
Nikaomba kengele.
Bwana Pyo akatikisa kichwa: ya mlimani haifungwi kengele.
"Bado," nikasema, nikiwa nimesimama palepale.
Akatafuta bisibisi.

Sasa imesimama bwenini kati ya kitanda na jokofu,
soksi za Sreymom zinakaukia kwenye usukani.
Nimeigonga kengele mara moja tu, taratibu,
nisiwaamshe wa zamu ya usiku.
Nje, tangu alfajiri, mvua.

Hamsini na tisa.