Hodi ya Nne

Mama alinifundisha, tulipokaa kambini Soroti,
kwamba hodi ni tatu.
Ukibisha mara tatu usiitikiwe,
geuza visigino.
Mwenye nyumba huenda amelala, huenda analia,
huenda hataki tu, na ni haki yake.

Saa nane usiku wamemshusha Akiteng kwenye bodaboda,
amebanwa katikati ya dereva na mumewe,
mimba ya miezi minane, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa.
Degedege ya kwanza ilimkuta akipepeta ulezi.
Ya pili, wakivuka kinamasi cha Awoja.
Ya tatu, mikononi mwangu,
na ulimi wake ukatia damu glovu yangu ya mwisho.

Ndani ya fuvu sioni. Nina tochi na vidole.
Lakini najua yanayotendeka humo:
seli humbishia jirani yake kwa chembe ya glutameti.
Hodi.
Mlango hufunguka ufa,
kalsiamu hupenya kidogo,
na kwa kidogo hicho tunakumbuka
jina la mtoto, njia ya kisimani, deni la dukani.

Leo hodi haikomi.
Hodi hodi hodi hodi,
glutameti imemwagika barazani kote,
milango imeachwa wazi, kalsiamu inaingia kwa mafuriko,
na nyumba iliyojengwa kupokea wageni
inabomolewa na wageni.
Seli haifi kwa kusahauliwa.
Inakufa kwa kuitwa mno.

Kuna bawabu wa tangu kuumbwa, magnesiamu,
hukaa katika tundu la mlango kama kizibo cha kibuyu.
Vurugu ikizidi, humsukuma kando.
Kazi yangu ni kumletea wenzake.
Gramu nne mshipani, polepole
kuliko subira ya mume anayechungulia dirishani.
Gramu tano kila tako, ndani kabisa, pamoja na ganzi,
maana dawa hii huchoma kama pilipili kabla haijazima moto.

Bwana Ilukor ananiuliza, "Itamponya?"
Nasema: inafunga mlango.
Seli zilizokwisha kuungua sizirudishi, baba.
Nazilinda zilizosalia.
Kupona ni mtoto kutoka,
na daktari yuko njiani, na umeme ndio huo unakatika.

Nasikiliza tumbo kwa pembe ya mti.
Moyo mdogo bado unakimbia.
Mumewe namwambia, "Yupo." Anakaa chini sakafuni.

Saa nne zimepita. Dozi nyingine i tayari.
Lakini bawabu naye ana ubaya wake:
ukimwongeza kupita kiasi
hufunga hata mlango wa pumzi.
Kwa hiyo nahesabu: pumzi kumi na mbili kwa dakika.
Mkojo mfukoni, kijiko na nusu, wa rangi ya chai.
Nachukua nyundo ndogo ya mpira, nagonga goti.
Kimya.

Naiweka sindano chini.
Kwenye trei nasogeza kichupa cha kalsiamu,
yuleyule aliyekuwa akichoma nyumba kule ndani;
pumzi ikizama, ndiye nitakayemwomba aifukue.
Sijui nani aliyeupanga ulimwengu hivi.
Asiulizwe sasa.

Pumzi kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Nagonga mara ya pili.
Kimya, au ni mkono wangu unaotetemeka.
Nje jogoo wa mlinzi amekosea saa.
Kumi na nne.
Mkojo unadondoka mfukoni, naupenda kama mvua.

Nakumbuka mama. Vuta subira.
Nagonga mara ya tatu,
na goti linaruka, kidogo, kwa uvivu,
kama mtu anayeinuka kitandani kutafuta kandambili.

Akiteng anafungua jicho moja.
"Nani anabisha?"

Naandika kwenye faili, kalamu ikikwaruza:
saa kumi na mbili na robo,
goti limeitika.