Paka Mtu Mzima

Panya walitafuna pindo la gauni la Mwanamisi,
gauni la harusi, na harusi yenyewe Jumamosi.
Nikasema basi.
Nikafunika cherehani, nikatoka Barabara ya Kumi na Nane
kwenda kutafuta paka.

Chukua kitoto, wakaniambia sokoni Mgandini,
kile kinacholala ndani ya kikombe kikaenea.
Paka mtu mzima ana kwao kichwani.
Dagaa atakula kwako, usingizi ataulala kule.

"Vitoto vimekwisha," akasema bwana mifugo Shemhilu,
"vimegombewa tangu asubuhi. Kabaki huyu."
Ndani ya kreti ya soda, dume la kijivu,
sikio lina tundu
kama tiketi iliyokwisha kukaguliwa.

Alikuwa wa karani wa reli aliyehamishiwa Tabora.
Karani alipakia kitanda, akapakia jiko,
hata ndoo yenye ufa aliipakia.
Paka hakupakiwa.
Miezi mitatu sasa, kila jioni,
saa ile ya watu kutoka kazini,
huenda kukaa mbele ya mlango wenye kufuli.

Shemhilu akamfunua mdomo: miaka saba, labda minane,
jino moja halipo.
Hakulia. Hakujipendekeza.
Alinitazama kama mtu aliye kwenye foleni ya benki
ambaye keshaambiwa mara mbili hakuna mtandao.

Nikamfunga nyuma, juu ya keria ya baiskeli.
Tulipofika kwenye reli akanyanyuka ndani ya kreti,
nikahisi uzito umehama.
Nikashuka, nikasukuma.
Sikujua la kumwambia,
nikamwambia bei ya vitunguu.

"Mpake mafuta miguuni," akasema Mbwana, mume wangu.
"Akijilamba anasahau njia."
Nikampaka paka mafuta ya nazi
mpaka kwenye kucha.
Akajilamba yote. Yalimnogea.
Magharibi akaondoka.

Nilijua pa kumfuata.
Kota za reli, nyumba ya tatu, kufuli limeshika kutu.
Sikumshika. Nikakaa kando yake kwenye ngazi ya saruji,
mbu wakanila, yeye hawakumgusa.
Mlango haukufunguka.
Naona sote wawili tulikuwa tunajua.

Hapo ndipo nilipokumbuka ukuta.

Mbwana alinioa nina miaka arobaini na mmoja,
na sanduku, na makovu mawili,
na namna yangu ya kukaanga vitunguu mpaka viungue kidogo,
niliyoitoa nyumba nyingine.
Mwezi mzima niliamka usiku
nikipapasa swichi ya taa
kwenye ukuta usio na swichi.
Mbwana hakunipaka kitu miguuni.
Hakuniuliza nilikuwa natafuta taa ya nani.
Siku moja nilirudi kutoka kununua uzi
nikamkuta fundi umeme juu ya stuli,
vumbi la plasta limejaa kitandani,
na swichi imehamia pale mkono wangu ulipozoea.

Basi kesho yake tukaenda tena kota, mimi na paka,
na kesho kutwa.
Siku ya tatu, ile ya kumpa mgeni jembe,
nilikuwa na suruali sita za shule,
akaenda peke yake.
Akarudi peke yake, isha imekwisha kuadhiniwa,
akapita katikati ya miguu ya Mbwana
bila kuomba njia.

Panya? Hajakamata hata mmoja.
Wamehama kwa harufu tu, na heshima.
Jana, nikiwa katikati ya mshono wa bega,
alipanda mapajani, akajipakata mwenyewe.
Mguu wangu ukasimama kwenye pedali.
Mteja akakohoa. Akakohoa tena.

Bakuli lake nilikuwa nimeliweka jikoni, karibu na mtungi,
mahali pazuri, pana ubaridi.
Lakini kila alfajiri namkuta anangoja
nyuma ya mlango wa mbele, pembeni, kushoto,
anautazama ule mraba wa sakafu.

Nimelihamisha.