Mmeuliza Kama Pametulia

Karibuni. Hilo vumbi msilipanguse, litarudi.
Ndiyo, ni hapa: kuanzia jiwe lile lenye namba
hadi kwenye mninga mdogo uliofungwa kitambaa chekundu.
Dalali amewaambia hatua ishirini kwa thelathini?
Pimeni wenyewe.
Hatua za dalali hufupika anapouza.

Mmeuliza kama pametulia.

Sisi tulitoka Ng'ambo, chumba kimoja na nusu ya baraza.
Nilijua jirani anakula nini kwa harufu
na anadaiwa nini kwa sauti.
Mhoja akirudi zamu ya usiku pale stesheni
alilala na mto juu ya sikio,
akaapa: tutakwenda mpaka lami iishe,
tupite kidogo.

Tulilipa kwa mafungu manne.
La kwanza, upatu wangu.
La pili, pikipiki yake.
La tatu sisemi.
La nne lilimaliziwa bati likiwa tayari juu,
mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, akaomba soda.

Kabla hatujahamia, nyuki walihamia.
Walipenya pembeni mwa kenchi, wakakaa darini,
chumba cha watoto.
Fundi Kasanda alitupa mwiko, akakimbia hadi Tumbi
na udongo mikononi.
Ikabidi aje mrina asali kutoka Sikonge
na moshi wake, usiku, bila kusema neno.
Akatuachia ndoo moja.
Ndiyo kodi pekee nyumba hii iliyowahi kutulipa.

Usiku wa kwanza sikulala.
Nilisikia bati likipoa.
Nilimsikia mume wangu akipiga hesabu gizani,
na honi ya treni kutoka mjini
ikaja kama mtu aliyepiga hodi
kisha akaghairi.

Kwa watoto ni pazuri, sitawadanganya.
Sayi alijifunza baiskeli katikati ya barabara,
akaanguka, akalala palepale akatazama mawingu,
hapakuwa na gari la kumpigia honi.
Na usiku ule homa ilipompanda, macho yakageuka meupe,
hapakuwa na gari.
Nilimfunga mgongoni, nikashika njia,
tochi ya simu ikafa kwenye kile kichuguu mlichokipita.
Kuna bei ya pili ya mahali kama hapa.
Haiandikwi kwenye karatasi ya mauziano.

Alipona. Yule pale, anawachungulia.

Bomba lilifika mwaka jana. Umeme, nguzo mnaziona,
waya tunazingojea.
Chumvi ikiisha, imeisha.
Nimewahi kusimama mlangoni na kikombe kitupu,
nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
nikarudi ndani nikala mboga chapa.

Msingi huu ni wa mtu wa Mwanza.
Aliujenga kwa wiki mbili, miaka saba iliyopita,
akaahidi kurudi baada ya mvua.
Mimi huufagia. Usiniulize kwa nini.
Kiwanja cha mtu kikiota majani sana, nyoka hawasomi hati.
Hivi viazi vitamu lakini ni vyangu,
matuta kumi na moja, na mwenyewe anajua,
au angejua kama angepokea simu.

Mkeo hasemi. Anatazama dirisha langu.
Dada, pazia hilo nililishona kwa ajili ya nani
hata mimi sijui.

Na huyo mdogo mgongoni, hulia hivyo kila usiku?
Chumba chetu cha kulala kiko upande huu,
hatua tano, za kwangu, si za dalali.
Nitamsikia.

Haya, pimeni, anzieni kwenye jiwe.
Sayi! Niletee jembe na kile kikapu kikubwa.
Viazi vimekomaa, nadhani.
Naanza na tuta hili la mpakani.