Nani wa Mwisho?

Niliingia Valencia na kamera shingoni
kama kengele ya mbuzi:
kila mtu akasikia ninakuja.

Soko Kuu lina kuba la kioo na vigae,
na juu kabisa kasuku wa chuma
anayegeuka na upepo, asiyesema neno.
Chini yake wanasema wote.

Nikapiga picha mapaja ya nguruwe, kwato juu,
nikapiga zafarani iliyofungiwa kabatini
kama dawa ya moyo,
nikapiga nyanya zenye makunyanzi,
sura mbaya, bei ya kujivuna.
Konokono walikuwa wakipanda wavu wao,
mmoja ameshafika nje.
Nikampiga picha na yeye. Sikumchongea.

Nikanywa maziwa ya mbegu fulani, baridi, matamu.
Nikauliza ni nini. Kijana akatoa moja mfukoni,
ngumu, ya mikunjo, nami nikaitambua:
ndago!
Gugu lile lile lililompinda mama mgongo,
aliyemaliza ujana wake akiling'oa,
huku wanalipanda kwa mistari na kulitia sukari.
Nikacheka peke yangu. Kijana akadhani nimelewa.

Kisha nikafika kwa Empar Llopis, muuza mikunga.
Wako hai, weusi, kwenye beseni la buluu,
wakijifunga, wakijifungua.
Lugha yangu inampa samaki huyu jina moja
na mwanamke apokeaye watoto;
nilitaka kumweleza Empar hilo,
lakini Kihispania changu kina maneno kumi na moja
na hakuna linalozaa.

Mbele yake hapakuwa na foleni.
Watu wamesimama ovyo,
huyu anaonja zeituni kibanda cha pili,
yule anasoma gazeti,
mzee mmoja amesinzia juu ya kikapu chake cha magurudumu.
Nikanyoosha kidole: huyo, mnene.

Soko likanyamaza.
Labda halikunyamaza. Labda ni masikio yangu.

Mama mwenye koti la zambarau akanishika kiwiko
bila ukali, kama unavyomwinua mtoto
aliyekalia kiti cha mgonjwa,
akanifundisha kwa vidole na maneno mawili matatu:
ukifika, uliza nani wa mwisho.
Atajitokeza. Mshike huyo kwa macho.
Foleni ipo. Ila haisimami,
inatembea, inanunua mkate, inasengenya, inarudi,
na kila mtu anaujua mgongo anaoufuata.

Nikauliza.
Mzee wa kikapu akafungua jicho moja:
"Mimi."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku yangu ya tatu nilipewa mgongo:
koti la kahawia, kiraka cha ngozi begani.
Nikaulinda kama mali ya yatima.
Kamera nikaitia mfukoni.

Dakika kumi. Labda ishirini.
Empar anakata, anafunga, anafuta kisu,
anauliza habari za goti la fulani,
za mjukuu aliyehamia Berlin;
hayo nayo anayaweka kwenye mizani,
ndiyo maana hatuendi.

Kisha nyuma yangu msichana,
kofia ya pikipiki mkononi, anahema,
akauliza wote bila kumwuliza yeyote:
nani wa mwisho?

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia.
Juu ya kuba, mahali nisipopaona,
kasuku alikuwa akigeuka.
Nikainua mkono.
"Mimi."

Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa,
akaenda zake kununua vitunguu.

Na mimi nisiye na jiko mjini humo,
wala chungu, wala mtu wa kumpikia mkunga,
sikusogea hata hatua moja,
maana kuna mtu ameniacha pale
na atarudi kunitafuta.